Nafasi ya Jina la Mmiliki

Kama kuna jambo Waridi Hemed alilojivunia, na ndilo lililokuja kumtokea puani, ni kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kufungiwa nje kwa kusahau neno la siri.

Duka lake lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja kuukuu nyuma ya River Road, juu ya fundi saa na chini ya mtengeneza meno bandia. Kompyuta tatu, mashine ya kunakili, kalenda ya msikiti, na feni iliyozunguka siku ilipojisikia. Watu walipanda ngazi na shida zao za serikali, vyeti vya kuzaliwa, leseni, pasipoti, naye akawajazia fomu mtandaoni. Wengi hawakuwa na barua pepe. Waliokuwa nayo walifunguliwa na mpwa fulani ambaye sasa yuko Qatar na hapokei simu. Basi Waridi akabuni utaratibu wake. Kila mteja alifunguliwa akaunti kwa namba yake ya kitambulisho, lakini kwa barua pepe ya duka na namba ya simu ya duka, na neno la siri lilikuwa moja kwa wote, limeandikwa kwenye kikaratasi cha manjano ambacho kila mtu alishuka nacho. Mteja akitaka kuingia kwenye akaunti yake akiwa kwake, mfumo wa serikali ulituma tarakimu sita kwenye simu ya duka, mteja akapiga, akasomewa. Mwisho wa habari.

Kazi ya kusoma ilikuwa ya Fidel Odero, mtu mzima, baba wa watoto watatu, aliyefanya kazi pale miaka tisa bila kupoteza hata kalamu.

"Eeh, imeingia," Fidel angemwambia mama fulani, simu ameibana kwa bega huku mikono ikiendelea kuchapa. "Nne, moja, moja, tisa, sifuri, nane. Umeandika? Haya mathe, siku njema."

Jina hakuuliza. Simu zilikuwa nyingi, kila mpigaji ana haraka, na kumuuliza mteja wa miaka mingi yeye ni nani ni kumvunjia heshima. Wateja walilipenda duka kwa sababu hiyo. Waridi naye alijiona mtu wa msaada, na kweli alikuwa.

Baba yake, Maalim Hemed, alikuwa na miaka sabini na minane. Alitoka Lamu akiwa kijana, akawa karani katika duka la vitambaa Biashara Street, na jioni akafundisha watoto kusoma Kurani katika chumba cha mabati karibu na msikiti mdogo wa Kangemi. Ukarani uliisha, chumba cha mabati kikawa cha mawe, kufundisha kukaendelea. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kucheka, na hapendi chai ya baridi. Watoto wake wa madrasa walikuwa wa walinzi na wafanyakazi wa nyumbani waliovuka barabara kila asubuhi kwenda Loresho kwa matajiri, na wa wauza nguo, na wachache wa watu wenye magari.

Miaka arobaini iliyopita, alipochoka kuona watoto wakilia kwa kushindwa kutofautisha herufi, aliwatungia kijitabu. Kurasa thelathini na mbili, kila herufi na ubeti wake:

*Alifu fimbo ya babu, haipindi haigongi.*
*Be bakuli la bibiye, chini limevuja tone.*
*Te bakuli la mgeni, juu matone mawili.*

Mtoto akiuimba ubeti aliiona herufi. Kijitabu kilisambaa kwa kunakiliwa tu, Mombasa, Mumias, Garissa, hata madrasa ambazo Maalim hakuwahi kuzisikia. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa kila nakala kulikuwa na maneno yale yale kwa mwandiko wake: *Kijitabu hiki ni wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kisiuzwe, kisirithiwe, kisizuiwe. Anayetaka kunakili na anakili.* Chini yake sahihi mbili za mashahidi, ambao wote wawili walikwishatangulia.

Wakfu, kwa asiyejua, ni mali uliyoitoa kwa Mungu ikatoka mkononi mwako moja kwa moja. Huwezi kujirudishia ukikwama, na mwanao hana fungu. Maalim hakuwa na nyumba wala shamba. Alichokuwa nacho cha kupeleka mbele ya Mola wake ni kijitabu hicho, na alikisema hivyo waziwazi, bila kujitapa, kama mtu anayekutajia akiba yake benki.

Mwaka uliopita, wiki moja kabla ya Ramadhani, mwanafunzi wake wa zamani alikuja Kangemi kumwamkia. Nadira alikuwa ameketi kwenye mkeka ule ule akiwa na miaka sita. Sasa anaishi Lavington, ana kampuni inayotengeneza masomo ya watoto ya kwenye simu, na alibeba tende boksi zima na manukato ya mwalimu wake. Alimbusu mkono. Waridi aliwapikia chai.

"Maalim wangu," Nadira akasema, "kile kijitabu chetu. Nataka kukifanyia kazi kubwa, sauti, picha, dunia nzima ikisikie. Ila nilitaka kujua mwenyewe ni nani, nikae naye."

Maalim akacheka mpaka akakohoa. "Mwenyewe hana ofisi, mwanangu. Lakini mlango wake uko wazi mara tano kwa siku. Kamuone."

Nadira naye akacheka. Waridi, aliyekuwa akimimina chai, aliona kwamba alichelewa kidogo kucheka, kama mtu anayefanya hesabu kwanza. Kisha mgeni akaaga, gari likaondoka, na tende zikaliwa.

Mwaka huu ndipo zikaja kanuni mpya. Zamani mtu akimpa mwenzake haki ya wimbo au kitabu chake, waliandikiana karatasi, karatasi ikalala kabatini hata miaka hamsini. Kanuni zikasema basi. Kila uhamisho wa hakimiliki, wa sasa na wa zamani, uingizwe kwenye rejista ya mtandaoni. Ya zamani ilipewa mpaka mwisho wa Juni. Ambacho hakitakuwa kimeingizwa, hakitasikilizwa mbele ya mtu aliyeingiza chake.

Waridi alilisoma tangazo lile hadi nukta ya mwisho, maana kusoma matangazo ndiyo kazi yake. Akalirudia. Wakfu wa baba yake haukuwa umeandikwa popote duniani isipokuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu chenyewe, na mashahidi wako makaburini. Mtu yeyote angeweza kuamka asubuhi, akatunga hati yake, akaingiza. Akamkumbuka Nadira alivyochelewa kucheka.

Alifungua fomu siku hiyo hiyo. Palikuwa na sehemu ya kuchagua aina ya uhamisho: mauzo, zawadi, urithi, amri ya mahakama. Wakfu haukuwepo. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la mmiliki mpya, na namba yake ya kitambulisho, na namba yake ya kodi. Aliiangalia nafasi ile tupu kwa muda mrefu. Likamjia wazo la kuandika jina la Mwenyezi Mungu na kuona mfumo utadai namba gani, akaomba maghufira kwa kuliwaza tu.

Kesho yake alienda mwenyewe kwenye ofisi za hakimiliki. Karani aliyemhudumia aliitwa Okinyi, mtu mwembamba mwenye sweta ya kahawia, mpole, ambaye hakumharakisha.

"Madam, hiyo wakfu siioni hapa," akasema baada ya kuzungusha skrini mara mbili. "System haijui. Wewe weka zawadi, halafu uweke mtu mnamwamini. Familia."

"Akishaandikwa, si atakuwa ndiye mwenye mali?"

"Kwa karatasi, ndiyo. Lakini kwa roho mnajuana." Okinyi akasita, kisha akainama kidogo. "Jambo moja tu nikuambie, usije ukasema sikukuambia. Hii register haifuti kitu. Inaongeza tu. Ukishaingiza, imeingia, na kila mtu anaona."

Jioni alimweleza baba yake yote, polepole, huku akimpozea uji. Aliomba aandike jina lake yeye, Waridi, kwa kulinda tu.

"Hapana," Maalim akasema.

"Baba, ni karatasi tu."

"Karatasi tu?" Mzee alikiweka kikombe chini. "Mimi nilimpa Mungu, Waridi. Nikikupa wewe leo, nimemnyang'anya Yeye jana. Na siku nitakayosimamishwa, nitapewa karatasi mkononi, nitaambiwa soma. Unataka nikute humo jina lako?"

Waridi alimwogopa baba yake kuliko alivyomwogopa mtu mwingine yeyote, na alimpenda kwa kiasi hicho hicho, na usingizi ulimpaa siku nne mfululizo. Siku ya tano alitenda jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anashika kifua.

Maalim alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa amepangiwa kupasuliwa mwezi wa Agosti, na hospitali ilitaka fomu nne zitiwe sahihi. Waridi aliziweka mezani zikawa tano. Mzee aliziinamia kwa karibu, pua ikigusa karatasi, akitafuta mstari kwa kidole.

"Na hii?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya karatasi ya tatu.

"Hiyo pia ni ya macho, baba."

Akatia sahihi yake ya Kiarabu, nzuri, yenye mkia mrefu. Akasema bismillahi kama alivyosema kwa kila jambo.

Tarehe ishirini na saba Juni, Waridi aliingiza hati. Alitumia barua pepe ya duka, simu ya duka na neno la siri la duka, maana mkono ulikuwa umezoea na hakuwaza. Dakika chache baadaye rejista ikaonyesha: *Mmiliki wa sasa: Waridi Hemed Bakari.* Kwa siku mbili alitembea mwepesi. Alijiambia amefunga mlango kabla ya mwizi.

Siku ya tatu ndipo alipoanza kulichungulia jina lake kwenye skrini mara kwa mara, bila sababu, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha funguo zipo. Halikumpendeza pale lilipokuwa. Lilikaa peke yake, linaonekana na kila mtu.

Katikati ya Julai Nadira alipanda ngazi za duka.

Hapo Waridi alipaswa kujiuliza. Mwanamke wa Lavington, mwenye dereva na makarani wake, amepita wapi mpaka akaamua leseni yake ya kuendesha gari ikajaziwe nyuma ya River Road? Hakujiuliza, kwa sababu alifurahi. Sote tuko hivyo mtu mkubwa akitutembelea. Alimfutia kiti, akaagiza soda. Nadira aliketi mbele ya Fidel, akajibu maswali yake kwa adabu, akamsikiliza akizisomea simu mbili tarakimu zake, na leseni ilipokamilika akapewa kikaratasi cha manjano kama kila mtu. Watu wengine hukikunja ovyo wakatia mfukoni. Nadira alikisoma, akakikunja mara mbili, akakiweka ndani ya pochi mahali penye zipu.

"Hongera, dada Waridi," akasema akiwa mlangoni. "Nimeliona jina lako. Njoo nyumbani Jumapili, tule pamoja."

Jumapili Waridi akaenda. Alijipa moyo njiani: nitamwambia usoni kwamba hakiuzwi, yaishe. Langoni kwa Nadira ukuta ulikuwa mrefu kuliko mti wa mparachichi ulio ndani yake, na mlinzi, mama mmoja wa Bungoma aliyejitambulisha kwa jina la Nanyama, alimsukumia daftari kubwa la wageni kupitia dirisha dogo.

"Jina, namba ya kitambulisho, na usaini hapa mwisho, dada yangu," akasema Nanyama. "Usaini vizuri, kama kwa ID. Mwenye nyumba siku hizi anaangalia."

Waridi akasaini vizuri. Kila lango la mji huu linadai hivyo, na hakuna anayeuliza daftari huenda wapi likijaa.

Wali ulikuwa mtamu. Baada ya kula Nadira alimwekea simu mezani, akabonyeza, na sauti ya mtoto ikaimba *Alifu fimbo ya babu*, kwa vinanda, vizuri mno. Halafu ikakatika katikati ya be, na kwenye kioo kikatokea kufuli dogo la dhahabu.

"Hapo ndipo mzazi anajisajili," Nadira akaeleza.

"Kitabu hiki ni wakfu," Waridi akasema. "Siuzi. Na si changu cha kuuza."

"Rejista inasema ni chako." Nadira alitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa baya, ndilo lililotisha. "Unajua mwanasheria wangu aliniambia nini mwaka jana? Aliniambia niachane nacho. Kitu kisicho na jina la mtu hakina wa kukinunua kwake, wala wa kukichukua kwake. Hakuna mlango. Nikakata tamaa kabisa, wallahi." Akamwongezea chai. "Kisha Juni nikafungua rejista, nikakuona."

Waridi alielewa papo hapo, bila mtu kumfafanulia. Baba yake alikuwa amekificha kijitabu mahali pasipofikika, yeye akakitoa, akakiweka barabarani na kukiandikia anwani. Aliaga. Nadira alimsindikiza mpaka langoni, amemshika mkono.

Tarehe saba Agosti, saa tisa alasiri, simu ya duka ililia kama inavyolia kutwa. Waridi alikuwepo. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa Fidel, anakata vikaratasi vya manjano kwa mkasi.

"Eeh, imeingia saa hii," Fidel akasema. "Mbili, saba, saba, moja, tano, tatu. Umeandika? Haya mathe, siku njema."

Zilikuwa tarakimu za kuingilia akaunti yake yeye Waridi. Akazisikia moja baada ya nyingine, akaendelea kukata. Barua iliyofuata, ile ya kumjulisha mmiliki kwamba mali yake imehamishwa na ana siku thelathini za kupinga, iliingia kwenye barua pepe ya duka kati ya barua elfu nne ambazo hakuna aliyezifungua, zote za watu wengine. Maalim akapasuliwa macho. Bandeji ilipotolewa alisema jambo la kwanza aliloliona ni kwamba binti yake amekonda.

Mwezi wa Oktoba zikaja barua kwa mkono, bahasha nyeupe, moja msikitini Kangemi na moja dukani. Kampuni ya Nadira ilijulisha kwamba ndiyo mmiliki wa kijitabu na beti zake zote, na kwamba kuanzia siku hiyo mtu asizichape, asizinakili wala asizifundishe hadharani bila idhini yake. Ziliandikwa kwa Kiswahili kizuri, cha heshima, zikamalizia kwa salamu za mwezi mtukufu uliopita.

Waridi alishuka ngazi akikimbia mpaka ofisi za hakimiliki. Okinyi alimkumbuka. Aliifungua rejista akaigeuza skrini ili naye aone: mistari miwili. Wa kwanza, Hemed kwenda kwa Waridi, zawadi. Wa pili, Waridi kwenda kwa kampuni, mauzo. Palikuwa na hati, na chini ya hati palikuwa na sahihi yake, imesainiwa vizuri, kama kwa kitambulisho.

"Sikusaini!" Sauti ilimtoka mpaka watu wa foleni wakageuka.

"Naamini," Okinyi akasema kwa sauti ya chini. "Lakini angalia. Code ilitumwa kwa simu yako, ikatumika. Notisi ilitumwa kwa email yako, siku thelathini zikaisha. Ukienda korti useme si wewe, wataulizia simu ni ya nani. Itachukua miaka, na miaka hiyo yote kitabu ni chao."

"Hakuna njia nyingine?"

Okinyi aliutazama mstari wa kwanza, kisha akamtazama yeye, na Waridi akajua kwamba anajua. Makarani wa fomu huona sahihi za wazee kila siku.

"Iko moja. Huu wa kwanza ukianguka, wa pili unaanguka nao. Mzee aje mwenyewe, aape kwamba hakujua anasaini nini. Kama ni hivyo ilivyokuwa."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umemdanganya mzee ukaingiza hati, madam. Hiyo si mambo ya kitabu tena, hiyo ni polisi." Akavuta sweta yake. "Mwisho wa mwezi huu ndiyo mwisho wa kupokea pingamizi za namna hiyo. Niko hapa kila siku."

Alitembea mpaka dukani, akamkuta Fidel anasoma tarakimu. Aliuchomoa waya wa chaja, akachukua simu, akaizima. Fidel alipoelezwa alikaa chini na kushika kichwa, mtu mzima yule, akalia bila kujificha. Waridi hakuweza kumkasirikia. Utaratibu ulikuwa wake yeye.

Alimkuta baba yake baada ya swala ya alasiri, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, barua ameishika mbali na uso kama wanavyofanya watu waliozoea kutoona. Alikuwa anaisoma mwenyewe. Waridi hakumwamkia. Alipiga magoti kwenye saruji akasema kila kitu kwa mpigo mmoja, tangu karatasi ya tatu hadi daftari la mlinzi, maana alijua akipumzika hataendelea.

Mtoto wa jirani alipita akiviringisha tairi, akamwamkia Maalim, naye akaitikia.

"Karatasi ya tatu," akasema hatimaye. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba."

"Nikasema bismillahi."

Waridi alilia. Mzee hakumgusa, wala hakumfukuza.

"Nikienda kuapa kwa huyo karani, kitabu kitarudi?"

"Kitarudi."

"Na wewe watakufunga?"

"Huenda. Sijali, baba. Twende kesho. Nimekuja nikuombe twende."

Maalim aliikunja barua, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki tena. "Mimi ndiye nitakayeulizwa," akasema, na haikujulikana kama anamwambia yeye. "Si wewe. Si yule mtoto wa Lavington. Mimi." Kisha akasimama kwa kushika ukuta. "Ngoja Jumamosi. Jumamosi nitakuwa nimejua."

Siku mbili hizo alikula kidogo na kuswali sana. Waridi alitayarisha nguo zake za kwenda kuandikisha taarifa, akamwachia Fidel funguo za duka, akampigia binamu yake Lamu kumwomba aje akae na mzee ikibidi. Aliogopa, lakini kwa mara ya kwanza tangu Juni alipumua mpaka chini. Deni lake alilijua lilipo.

Jumamosi asubuhi alimfuata madrasa. Watoto thelathini na kitu walikuwa kwenye mikeka, wadogo mbele. Vijitabu vilikuwa vimeondolewa rafuni. Vilikuwa kwenye gunia pembeni, mdomo wa gunia umefungwa kamba. Waridi aliliona gunia akasimama mlangoni, viatu mkononi.

Maalim hakumtazama. Alichukua chaki, akachora mstari mmoja wima ubaoni. Watoto walivuta pumzi pamoja, kama walivyozoea, na wadogo wakaanza kwa furaha kabla ya wakubwa:

"Alifu fimbo ya—"

Mzee aliinua mkono.

Katika miaka arobaini hakuwahi kuwanyamazisha kwenye ubeti ule. Wengine hawakuelewa, wakaendelea maneno mawili, wakajishtukia wako peke yao. Chumba kikawa kimya, mpaka mlio wa magari ya Waiyaki Way ukasikika.

"Huo una wenyewe," Maalim akasema. "Sisi hatuchukui cha watu. Semeni alifu tu."

Waridi alielewa. Baba yake alikuwa amechagua, na alikuwa amemchagua yeye. Hataenda kwa Okinyi, si Jumatatu wala mwisho wa mwezi, na mtu akimlazimisha ataapa kwamba alijua alichokitia sahihi. Alikuwa na kitu kimoja cha kwenda nacho mbele ya Mola wake, na amekiacha ili binti yake asilale rumande. Alitaka kupiga kelele, kwamba hakumwomba hilo, kwamba afadhali jela. Lakini baba yake aligeuka, macho yake mapya yakiwa meupe na maangavu, akamtazama moja kwa moja, na Waridi akaviweka viatu chini, akabaki mlangoni.

"Alifu," watoto wakasema, kwa wasiwasi, kila mmoja kwa wakati wake.

Maalim akachora bakuli, akaweka nukta chini yake, akasubiri. Mtoto mmoja wa mbele aliangalia ubao, akaangalia gunia, na hakukumbuka herufi ile inaitwaje.